Mtoto anajua kusoma lakini hapendi kitabu: nianzie wapi?

SWALI: Nina watoto wawili. Wa kiume ana miaka 8, yuko darasa la pili katika shule ya mchepuo wa Kiingereza. Wa kike ana miaka 4. Tunaishi Mbagala, mimi na baba yao tunarudi saa moja jioni, mchana watoto wako na dada wa kazi. Mwaka huu nilinunua vitabu sita vya hadithi, vyote vya Kiingereza. Mkubwa nikimwambia asome ananuna, na akisoma anakimbiza amalize apewe simu. Nikimuuliza amesoma nini, hajui. Mwalimu wake anasema anasoma vizuri. Mdogo amechana vitabu viwili, vilivyobaki nimevifungia kabatini. Nifanyeje wapende kusoma? Na kwa huyu mkubwa, je, nimeshachelewa?

JIBU: Mama, nianze na maneno yako mwenyewe: "nikimwambia asome." Tatizo kubwa limekaa hapo. Kwenu kitabu hufunguliwa kwa amri. Mtoto anasoma kwa sauti, mtu mzima anasikiliza, kosa linarekebishwa papo hapo, mwisho linakuja swali la "umesoma nini?", ndipo simu inatoka. Huo ni mtihani wa pili baada ya ule wa shule, tena jioni akiwa amechoka. Mtoto wa miaka 8 ana haki ya kuununia.

Kwa wiki mbili za kwanza, usimwambie yeyote kati yao asome. Wasomee wewe. Mazoea ya kusoma hujengwa na kusomewa, na hilo linamhusu hata huyu mkubwa anayejua kusoma tayari. Wazazi wengi huacha kumsomea mtoto mara tu anapoanza kuunganisha silabi, wakidhani kazi imekwisha. Kumbe wakati huo anachoweza kusoma mwenyewe ni "Baba analima. Mama anapika," ilhali kichwa chake kinataka hadithi za majini, simba waliodanganywa na sungura, watoto waliopotea porini. Ukiacha kumsomea, hadithi anazozitaka atazipata kwenye simu tu.

Sasa hili la mwalimu kusema anasoma vizuri na wewe kuona haelewi. Nyote wawili mnasema kweli. Kutamka maandishi ni kazi moja, kuelewa ni kazi nyingine. Mwanao anatamka Kiingereza bila kukielewa, kwa kuwa Kiingereza anakikuta darasani tu; anachotaniwa nacho, anachogombezwa nacho na anachoota nacho ni Kiswahili. Umemletea vitabu sita vya kustarehe katika lugha anayoijua kwa mitihani. Hata mtu mzima ukimpa hadithi ya kuchekesha katika lugha anayoikwepa, hatacheka.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, ingiza vitabu vya Kiswahili ndani ya nyumba. Usiogope kwamba Kiingereza chake kitashuka. Mtoto aliyezoea kutafuta maana ndani ya maandishi huenda na mazoea hayo kwenye kila lugha atakayoisoma. Aliyezoea kutamka tu naye hutamka tu, popote aendapo.

Kuna kikwazo kidogo utakachokutana nacho siku za mwanzo, usishtuke. Watoto walioanza na herufi za Kiingereza husoma "pete" kama "piti" na "bibi" kama "baibai", kwa sababu majina ya herufi waliyofundishwa ni "ii" na "ai". Dawa yake ni ya jioni tatu au nne tu, maana irabu za Kiswahili ni tano na hazibadiliki tabia. Kata maboksi ya dawa ya meno au ya majani ya chai upate vipande vya ukubwa wa karata. Andika a, e, i, o, u kwa kalamu nyekundu, kila irabu vipande viwili. Kisha m, b, k, t, l, n, s, p kwa bluu, nazo viwili viwili. Sambaza mkekani muunde maneno: meno, pete, bata, kiti, sita, moto. Mwache na yeye aunde maneno ya ajabu yasiyokuwepo, ayasome na mcheke. Mambo magumu yaje baadaye: "ng" ya ngoma na "ng'" ya ng'ombe, "dh" ya dhahabu, "gh" ya ghali, na ile "m" inayosimama peke yake katika mtu na mti, ambayo watoto wengi huisoma "mutu" na "muti". Mwonyeshe afumbe midomo aivumishe kidogo kabla ya kuendelea: mm-tu. Dakika tano zinatosha, na mchezo ukomeshwe wakati bado anautaka.

Kuhusu muda, umesema mnafika saa moja. Usipange nusu saa ya kusoma; hutaiweza, na wiki ya pili utaacha kwa aibu. Panga dakika 10, siku tano za wiki. Ni dakika 50 kwa wiki, na kwa mwaka ni zaidi ya saa 43 za kusomewa, kiasi ambacho watoto wengi hawakipati kabisa. Zipachike kwenye jambo ambalo lazima litokee kila siku. Kwa nyumba kama yenu pafaapo ni pale watoto wameshaoga na chakula kiko jikoni kinaiva. Baada ya kula mdogo atasinzia, na mkubwa atakuwa anadaiwa kazi za shule. Wengine hupendelea kitandani taa ikiwa bado inawaka. Nako kuzuri, ila uhakikishe wewe mwenyewe hulali wa kwanza. Chagua sehemu moja usiihamishe: kona ya sebule yenye mkeka, au kitanda cha watoto. Televisheni izimwe kabisa, maana kupunguza sauti hakutoshi, picha zitaendelea kuwavuta. Umeme ukikatika, tochi ya simu ikining'inizwa ukutani inatosha, na watoto huipenda jioni hiyo kuliko nyingine zote.

Anza kama hadithi zinavyoanza kwetu. "Paukwa!" nao wajibu "Pakawa!" Au "Hadithi, hadithi!" wapokee "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Usilione ni jambo la kizamani. Mwito huo humwambia mtoto kwamba kinachokuja ni starehe, na baada ya wiki mbili utakuta mdogo ndiye anayeita "Paukwa" kabla hujavua viatu.

Jinsi ya kusoma yenyewe nitaieleza kwa kirefu, maana ndiyo inayoamua kama mtoto atarudi kesho. Keti katikati, mmoja kila upande, kitabu mapajani mwako ili wote waone picha. Pitisha kidole cha shahada chini ya maneno polepole unaposoma, hasa kwa ajili ya huyu wa miaka 4. Hapo anajifunza bila somo kwamba maandishi ndiyo yanayosema, na kwamba yanakwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa watoto wanaokwenda madrasa jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu kule msahafu unasomwa kutoka kulia. Watoto humudu njia zote mbili bila shida, alimradi kila moja waone kidole kinaelekea wapi.

Usisome mfululizo kama taarifa ya habari. Tuseme ukurasa una picha ya kuku aliyekalia ndoo, na sentensi moja: "Kuku wa Bibi ametaga ndani ya ndoo." Soma, kisha nyamaza. Hesabu moyoni hadi tano. Ukimya huo ni mgumu kwa mtu mzima, lakini ndani yake mtoto ndipo anapofikiri. Mara nyingi mdogo atasema kitu mwenyewe, labda "ndoo." Kipokee ukirefushe: "Ndiyo, ndoo ya bluu, ndoo ya maji." Kisha muulize jambo lisilo na jibu la ndiyo au hapana: "Bibi akija kuchota maji itakuwaje?" Akisema "atapiga kelele," endelea naye: "Atapiga kelele gani?" Mwache apige. Sasa sentensi ya maneno saba imezaa mazungumzo ya dakika mbili, na mtoto ametumia maneno ambayo peke yake asingeyatafuta.

Mtindo huu umepimwa. Mwaka 1988 mtafiti Grover Whitehurst na wenzake huko Marekani waliwafundisha wazazi wa watoto wa miaka miwili kusoma hivi kwa mwezi mmoja, kwa kuuliza, kupokea jibu na kulirefusha. Watoto wao waliwaacha wenzao kilugha, ingawa wale wengine nao walikuwa wakisomewa nyumbani kwa njia ya kawaida. Kilichowatofautisha ni mazungumzo juu ya kitabu.

Lakini maswali mawili au matatu kwa kitabu kizima yanatosha. Ukiuliza kila ukurasa utakuwa umerudisha mtihani kwa mlango wa nyuma. Na swali la "tumejifunza nini?" mwishoni lifute kabisa. Watu wa vitabu vya shule wamelizoea mno, na limewakosesha watoto wengi utamu wa hadithi. Kama unataka kujua ameelewa, uliza "ungekuwa wewe ungefanyaje?" au kosea kwa makusudi kesho yake: sema kuku alitaga kwenye sufuria, uone nani atakurekebisha.

Mdogo atataka kitabu kilekile jioni kumi mfululizo. Kisome. Inachosha, najua, ila mara ya kwanza mtoto hufuata picha, mara ya tatu anafuata kisa, mara ya sita anaanza kushika maneno, na mara ya kumi "anakusomea" wewe kwa kukariri huku akifunua kurasa. Kule kukariri usikuite udanganyifu. Ni hatua halisi ya kujifunza kusoma. Siku moja ataonyesha neno "kuku" na kugundua kwamba kule alikotamka "kuku" ndiko kulikoandikwa.

Kwa mkubwa, wiki ya tatu ndiyo wakati wa kumkaribisha asome, na iwe kwa kupokezana. Wewe unasoma ukurasa, yeye anasoma sentensi moja, au anasoma maneno ya mhusika mmoja tu. Sauti ya fisi mwachie yeye. Akikwama kwenye neno, subiri kwa hesabu ya tano. Bado? Mpe silabi ya kwanza. Bado? Mtajie neno zima muendelee bila hotuba. Kosa lisiloharibu maana liache lipite. Linaloharibu maana, ngoja amalize sentensi. Akisoma "kaka ametaga ndani ya ndoo," muulize tu, "Kaka ametaga?" Atacheka na kurudi mwenyewe kwenye neno, na kule kurudi mwenyewe ndiko unakokutaka. Ukimkatiza kila neno atajifunza kutazama uso wako badala ya ukurasa.

Maneno marefu ndiyo yanayowavunja moyo watoto wa darasa la pili katika Kiswahili, kwa kuwa lugha yetu inabeba sentensi nzima ndani ya neno moja. Chukua "anayenisomea": silabi saba. Funika neno kwa kidole gumba ukiacha mwanzo tu, kisha sogeza: a-na-ye, pumzika, ni-so-me-a. Mwambie atafute ndani yake neno analolijua. Ataiona "somea" imejificha, nayo imetoka kwenye "soma". Akishazoea kuwinda shina la neno, "hawatakupikia" na "wanapokimbizana" hazitamtisha. Kwa sababu hiyohiyo usimpime kwa yale majedwali ya idadi ya maneno kwa dakika yaliyotengenezwa kwa watoto wa Kiingereza. Neno letu moja laweza kuwa maneno yao manne au matano.

Katika kuchagua vitabu, wa miaka 4 anahitaji picha kubwa, sentensi moja au mbili kwa ukurasa, na maneno yanayojirudia ili ayadake. Kwa mkubwa tumia kipimo cha vidole. Fungua ukurasa wowote wa katikati wenye maneno kama 50, asome, na kila neno linalomshinda akunje kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho ni kigumu kwake kusoma peke yake. Kiweke upande wa vitabu vya kusomewa na wewe. Asipokunja kidole hata kimoja, kitabu ni chepesi, na vyepesi navyo ana haki navyo, kwa kuwa vinampa mbio na kujiamini.

Na si lazima kiwe hadithi. Watoto wengi wa kiume, na wa kike wengi tu, hawajali visa vya sungura lakini wangeua kwa ajili ya mpira. Baba yao akija na gazeti la michezo, mtoto atasoma kichwa cha habari cha Simba na Yanga bila kuombwa, na msimamo wa ligi ataupitia mstari kwa mstari. Huko nako ni kusoma. Katuni, kitabu cha wanyama, maelekezo ya kuunganisha gari la kuchezea, yote yahesabu. Tena baba akishika gazeti mbele ya watoto badala ya simu, mtoto wa kiume anapata jambo ambalo mama peke yake ni vigumu kumpa: picha ya mwanamume anayesoma kwa hiari yake.

Vitabu sita haviwezi kutosha, na najua bei zake. Kuna njia kadhaa za kuongeza. Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ina sehemu ya watoto. Mikoani nako kuna maktaba za mikoa. Fanyeni safari huko mara moja kwa mwezi, na huko kila mtoto achague mwenyewe, hata kama chaguo lake unaliona la kipuuzi. Kwa wasomaji wetu wa Kenya, kaunti nyingi zina maktaba za umma, na mwaka 1996 huduma ya maktaba za taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia hadi vijijini kutoka Garissa, kwa hiyo umbali si kisingizio ambacho watu wa maktaba hawajawahi kukifikiria.

Njia ya pili iko kwenye simu hiyohiyo unayoilalamikia. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, na StoryWeaver ya India, zote ni tovuti zinazotoa hadithi za watoto bure, za Kiswahili zikiwemo, na unaruhusiwa kuzipakua na kuzichapa. African Storybook imezipanga kwa ngazi tano: ya kwanza ni maneno ya mwanzo, ya pili sentensi, ya tatu na ya nne aya, na ya tano ni hadithi za kusomewa kwa sauti. Mdogo wako mtafutie za ngazi ya kwanza na ya pili, mkubwa za ya tatu asome mwenyewe, na jioni wasomee wote za ngazi ya tano. Pakua kumi kwa mkupuo mmoja ukiwa na bando, kisha zima data kabla ya kusoma, vinginevyo ujumbe wa kwanza ukiingia kipindi kimevurugika. Ukiweza, chapa mbili tatu kwenye duka la stesheneri. Kitabu cha karatasi mtoto hukirudia mwenyewe mchana, cha kwenye simu kinaondoka na wewe kazini.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote: tengenezeni kitabu. Chukua karatasi nne za A4, zikunje pamoja katikati. Una kurasa 16. Jalada liwe kipande cha kalenda ya zamani, upande mweupe nje. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, moja katikati na mengine sentimita 6 juu na chini yake. Ingiza sindano tundu la kati kutoka ndani, irudishe ndani kupitia tundu la juu, shuka nayo hadi tundu la chini uitoe nje, kisha irudi ndani kwenye tundu la kati na ufunge fundo juu ya ule uzi mrefu. Sasa mtoto asimulie, wewe uandike vilevile anavyosema, sentensi moja kila ukurasa, kwa herufi ndogo, si za kapitali, lakini zenye ukubwa wa kusomeka, nafasi ya kuchora ukiiacha juu. "Mbuzi wa mjomba alikula kanga ya bibi." Mkubwa anaweza kumwandikia mdogo wake. Kitabu ambacho mtoto ndiye mwenye maneno yake hakimshindi kukisoma, na hakichani.

Kuchana kwenyewe kusikutishe. Mtoto wa miaka 4 huchana kwa sababu vidole bado havijui kufunua, au kwa sababu ameachwa na kitabu peke yake akachoka. Mfundishe kushika pembe ya juu ya ukurasa, na kilichochanika kigandisheni pamoja kwa selotepu, yeye akishika wewe ukibandika. Kisha fungua hilo kabati. Vitabu vilivyofungiwa ni mapambo. Weka vitano au sita ndani ya kapu au katoni chini, mahali mdogo anapofikia bila kuomba, majalada yakiwa yanaonekana, na kila wiki mbili ubadilishe baadhi. Vitachakaa, ndiyo kazi yake.

Mchana mshirikishe dada. Kama anasoma, mpe kitabu kimoja cha kumsomea mdogo baada ya chakula cha mchana, na umweleze ile namna ya kunyamaza na kusubiri. Kama kusoma kunampa shida, waongee picha: nani huyu, anafanya nini, baadaye itakuwaje. Bibi asiyejua kusoma naye ni hazina. Vitendawili vyake na ngano zake zinampa mtoto lugha ambayo baadaye ataikuta kitabuni. Na maandishi yamejaa kote: jina la kanga ulilovaa, limeandikwa kwa herufi kubwa zinazomfaa sana mtoto wa miaka 4, kibao cha daladala cha Rangi Tatu, pakiti ya unga na chumvi. Msipite bila kumwonyesha herufi ya jina lake.

Sasa simu. Acha kuitoa kama malipo ya kusoma. Ukisema "ukimaliza ukurasa huu utapewa simu," umemtangazia kwamba simu ni utamu na kitabu ni uchungu wa kuulipia. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichunguza watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti ili wachore, siku za baadaye walichora kwa hiari kwa muda wa karibu nusu tu ya wenzao. Walioshtukizwa na zawadi bila kuahidiwa hawakupoteza hamu. Ukitaka kumpa zawadi mwanao, iwe ya ghafla, na iwe kitabu au dakika tano zaidi za kusomewa. Kadhalika usitumie kusoma kama adhabu. Simu iwe na muda wake usiohusiana kabisa na vitabu. Kwa mdogo, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa moja ya skrini kwa siku.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kulaumu uvivu ni macho na masikio. Mtoto anayesogeza kitabu karibu na pua, anayefikicha macho baada ya mistari michache, anayeruka mistari au kulalamika kichwa, apelekwe apimwe macho. Anayesema "eti?" mara kwa mara apimwe masikio. Kuchanganya b na d ni kawaida hadi miaka 7 hivi. Lakini mtoto anayemaliza darasa la pili bila kuweza kuunganisha silabi nyepesi kama "ma" na "ta", ilhali amefundishwa Kiswahili vizuri, anahitaji mwalimu mwenye ujuzi wa elimu maalumu. Kiboko wala masomo ya ziada ya jioni havitamsaidia. Kwa maelezo yako mwanao hayuko huko.

Zitakuwepo wiki mtakazokosa: msiba, mwezi wa Ramadhani ambao jioni zake zina ratiba nyingine, likizo ya kwenda kijijini. Msilipize siku zilizopita. Rudini kwenye dakika 10, na safarini bebeni vitabu viwili.

Na hapana, kwa huyu wa miaka 8 hujachelewa. Usitegemee aanze kwa kukaa peke yake na kitabu; dalili za kwanza ni ndogo kuliko hizo. Atasogea karibu akijifanya anamsikilizia mdogo wake. Atakuuliza mbona jana hukumaliza. Siku utakapokuwa umechoka ukaruka ukurasa ili mwahi kula, atakushika mkono na kukwambia, "Mama, umeruka hapa." Hapo mkabidhi kitabu awasomee yeye huo ukurasa.